Boksi zuri ni lile linalofika: chagua kwa safari, sio kwa picha

Leo naomba tuongee kuhusu boksi. Najua wengine mtasema boksi ni boksi tu, cha muhimu ni bidhaa. Wengine mtasema kinyume, kwamba boksi ndio kila kitu, bila boksi la kuvutia mteja hakuheshimu. Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Msimamo wangu ni huu: boksi linachaguliwa kwa kuangalia njia ambayo mzigo utapita. Uzuri unakuja baada ya hapo, na kama hela haitoshi vyote viwili, uzuri usubiri.

Naongea hivi kwa sababu ya mahali nilipo. Niko Goziba, kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Huku karibu kila kitu unachokiona dukani kimekuja kwenye boti, na kila kitu ninachomuuzia mteja wa bara kinaondoka kwa boti. Sijasomea mambo ya vifungashio. Nimemaliza kidato cha nne nikafungua duka, na shule yangu ya maboksi ni mwalo. Ukikaa mwaloni miezi miwili tu ukiangalia mizigo ikishuka, utajua boksi lipi linafaa na lipi ni pambo.

Hebu tufuate mzigo mmoja. Mteja yuko Dar es Salaam, ameona bidhaa yako mtandaoni, amelipa. Mzigo unaanzia kwenye boti, na kwenye boti hakuna shelfu. Unawekwa chini, juu yake inawekwa jenereta ya mtu, gunia la mtu, na wakati mwingine mtu mwenyewe anakalia. Sakafu ya boti ina maji, mawimbi yanaongeza mengine. Ukifika bara unabebwa begani, unatupwa juu ya gari, unaenda mpaka Muleba au Bukoba. Hapo unaingia kwenye buti ya basi. Kutoka Bukoba mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,300, mzigo unapita Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Njiani buti inafunguliwa na kufungwa, mizigo inapangwa upya, aliyekuwa juu anaenda chini. Mwisho kabisa ni bodaboda wa Dar, ambaye anaubana kati ya tumbo lake na usukani.

Sasa niambie, kwenye safari hiyo yote, nani ameona maua uliyochapisha kwenye boksi lako? Hakuna. Walioliona ni wabeba mizigo, na wao wanaangalia kitu kimoja tu: pa kushika.

Mtu wa dukani mjini ana kesi tofauti, nakubali. Bidhaa yake imekaa kwenye shelfu na nyingine ishirini, boksi ndilo linalomwita mteja. Sisi tunaouza mtandaoni mteja ameshaitwa na picha ya bidhaa na maelezo yako. Ameshalipa. Boksi kwake ni jibu la swali moja alilokuwa nalo tangu atume hela: "Huyu mtu ni mkweli au nimepigwa?" Boksi likifika limebonyea, limelowa, limefunguka kona, umemjibu vibaya hata kama ndani bidhaa ni nzima. Na kama ndani imevunjika, basi hela yako imeondoka na jina lako limeondoka.

Tupige hesabu, maana biashara ni hesabu. Huu ni mfano tu, weka namba zako. Unauza mafuta ya ngozi yaliyo kwenye chupa ya kioo kwa shilingi 15,000. Umeyanunua 11,000. Faida ni 4,000. Mauzo kumi ni faida ya 40,000.

Umeona kwenye mtandao boksi gumu la sumaku, linafunguka kama kitabu, linauzwa 2,500. Kwa mauzo kumi ni 25,000. Umebaki na 15,000. Chupa moja ikivunjika njiani, unatuma nyingine: mtaji 11,000, nauli ya mzigo 5,000, boksi lingine 2,500. Jumla 18,500. Kumbe kazi yote ya oda kumi imekupa hasara ya 3,500. Umefanya kazi, umepiga picha, umejibu meseji usiku, umemlipa mwenye boksi.

Chukua sasa boksi la kahawia la kawaida la 800 na karatasi za kujazia za 300. Jumla 1,100 kwa kila oda, 11,000 kwa oda kumi. Faida yako ni 29,000. Hata ikivunjika chupa moja, gharama ni 11,000 na 5,000 na 1,100, yaani 17,100. Unabaki na 11,900. Na kusema ukweli kwenye boksi hili lenye vitu vya kujazia uwezekano wa kuvunjika ni mdogo, kwa sababu lile la sumaku ndani chupa inacheza.

Ndio maana nasema tujue mitindo ya maboksi na kila moja kazi yake. Majina ya kiwandani hayatusaidii, tutumie majina ya vitu tunavyovijua.

1. Boksi la katoni ya sabuni. Hili lina masikio manne juu na manne chini, unakunja na kupiga selotepu. Ndilo la kawaida kuliko yote na ndilo ngumu kwa bei yake. Lina kuta nne zilizosimama na kona nne, na sehemu kubwa ya uzito wa vitu vilivyowekwa juu yake inabebwa na hizo kona. Kwa mzigo wa boti na basi, hili ndilo boksi la nje. Vyombo, chupa, vifaa vya umeme, asali, vitu vya kilo nyingi, vyote humu.

2. Boksi la pizza. Linajifunga lenyewe, mfuniko unaingia mbele, kuta za pembeni zimekunjwa mara mbili. Ni zuri kwa seti ya vipodozi, mkoba, nguo ya zawadi, vitu vyepesi. Likifunguliwa linapendeza na mteja anaweza kulitumia tena. Linafaa sana kwa mtu anayeuza ndani ya mji mmoja, mzigo unatoka kwako unapanda bodaboda unafika. Kwa safari ndefu lipige selotepu pande tatu, usiamini ule ulimi wake peke yake.

3. Boksi la viatu. Chini peke yake, kifuniko peke yake. Linampa mteja raha ya kufunua. Lakini kifuniko kile hakishikiliwi na kitu, ukilisafirisha lenyewe litafunguka. Boksi hili halisafiri peke yake, linaingia ndani ya katoni au linavishwa karatasi ngumu na kufungwa vizuri.

4. Boksi la dawa ya meno. Karatasi ngumu nyembamba, haina mawimbi katikati. Hili ni nguo ya bidhaa, sio gari la bidhaa. Kazi yake ni kubeba maandishi, kuzuia chupa isikwaruzwe, kukaa vizuri dukani. Sabuni za kutengeneza, mafuta, krimu, majani ya chai, vinakaa humu. Alafu vinaingia kwenye boksi la nje.

5. Boksi la kiberiti. La kuvuta kama droo. Kwa heleni, pete, saa, vitu vidogo vya thamani. Linavutia sana, na kwa kuwa ni dogo halili hela nyingi. Nalo ni la ndani.

6. Kutokuwa na boksi kabisa. Hii watu hawaisemi. Kitenge, fulana, shuka, pazia, havivunjiki. Kuviweka kwenye boksi ni kusafirisha hewa. Mfuko imara usiopitisha maji, ukafungwa vizuri, unatosha. Tena kwenye kampuni za kutuma vifurushi kwa ndege ni hasara zaidi, kwa sababu wengi wao wanapima na ukubwa, sio uzito peke yake. Hesabu yao inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawa kwa 5,000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 25 ni 30,000, gawa kwa 5,000 unapata kilo 6. Umeweka humo shati la nusu kilo, umelipia kilo 6. Hela hiyo ungenunua mzigo mwingine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "boksi gani zuri?", namuuliza maswali manne. Bidhaa ina uzito gani? Inavunjika, inamwagika, inakunjika au inaoza? Inapita wapi mpaka kufika? Na wewe unabaki na faida kiasi gani? Ukijibu hayo manne, boksi linajichagua lenyewe.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe, maana maboksi mawili yanaweza kufanana kwa macho moja likawa mzee moja kijana. Angalia ukingo wa boksi pale lilipokatwa. Utaona karatasi mbili bapa na katikati yake karatasi yenye mawimbi. Hilo ni boksi la karatasi tatu, linatosha vitu vyepesi na vya kati. Ukiona karatasi tano, yaani mawimbi safu mbili, hilo ni la mzigo mzito au wa kurundikwa. Angalia pia mawimbi yamesimama au yamelala. Kwenye ukuta wa boksi yanatakiwa yasimame kutoka chini kwenda juu, kama nguzo za nyumba. Yakilala, boksi linakunjika kama kitabu likikaliwa.

Yale mawimbi yana historia yake. Mwaka 1856 Waingereza wawili walipata hataza ya karatasi ya mawimbi, wakaitumia ndani ya kofia. Mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones wa New York akapata hataza ya kuitumia kufungia vitu vya kioo, kama chupa. Mwaka 1874 Oliver Long akaongeza karatasi bapa ili mawimbi yasitanuke. Unaona jambo hilo? Karatasi ya mawimbi iliingia kwenye ufungashaji kwa sababu ya chupa kuvunjika. Watu walitafuta kinga kwanza. Mapambo yalifuata baadaye. Sisi ndio tumegeuza.

Adui mkubwa wa boksi huku kwetu ni maji. Bukoba ni kati ya miji yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndio balaa. Visiwani unaongeza na ukungu wa ziwa. Karatasi inanyonya unyevu hata bila kumwagiwa maji, na ikinyonya inakuwa laini na inapoteza nguvu nyingi. Boksi lililokuwa gumu kama ubao Dodoma, huku likikaa stoo wiki mbili kwenye sakafu ya saruji linakuwa kama chapati. Kwa hiyo maboksi yako yaweke juu ya ubao au kichanja, mbali na ukuta, na usinunue ya mwaka mzima.

Na kwenye kufunga, usitegemee boksi kuzuia maji. Bidhaa yenyewe ivishwe mfuko uliofungwa vizuri, ndipo iingie kwenye boksi. Boksi likilowa utalia na boksi, bidhaa itakuwa kavu. Hapa watu wananiuliza kuhusu plastiki. Kilichokatazwa Tanzania bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea, zile rambo. Usimtumie mteja mzigo ndani ya rambo, na usiitumie kujazia. Na sisi wa Kagera tunaopakana na Rwanda, kumbuka wenzetu walikataza mifuko ya plastiki tangu 2008 na hawana mchezo. Kenya walianza Agosti 2017. Mteja wako akiwa nje ya nchi, ulizia kwanza kabla hujafunga.

Tukiongelea chakula, hapo sio suala la ladha yako tena. Wengi huku tunauza dagaa, wa Bukoba wanauza senene na kahawa, wengine asali. Chakula hakigusi boksi moja kwa moja, hasa boksi lililotumika. Huwezi jua lilibeba nini. Karatasi pia inashika harufu. Kahawa ukiiweka kwenye katoni iliyobeba sabuni, mteja atakunywa sabuni. Dagaa ukiwasafirisha bila pakiti inayozuia harufu, watanukisha mizigo ya watu wote kwenye basi, na siku nyingine mzigo wako utakataliwa. Pakiti ya ndani iliyofungwa kabisa kwanza, boksi baadaye.

Tena kwa chakula kifungashio ndicho kinachobeba maelezo: jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi, jina na anuani ya mtengenezaji. Tangu 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilitoka TFDA ikaenda TBS. Kama umeanza kidogo kidogo nyumbani, anzia SIDO ya mkoa wako, wapo tangu 1973 na kazi yao ni sisi wadogo. Waulize kuhusu vifungashio kabla hujaagiza, sio baada. Boksi lililochapishwa bila nafasi ya tarehe ni hela iliyotupwa.

Kuhusu maboksi yaliyotumika, mimi natetea kabisa kuyatumia. Dukani kwangu katoni za biskuti na za juisi sizichomi, nazikunja na kuweka. Kwa mfanyabiashara mdogo hakuna aibu hapo. Ila liwe na kona ngumu, lisiwe limewahi kulowa, lisiwe na mafuta, na lebo za zamani zibanduliwe au zifunikwe mzigo usije ukaenda kwa mtu mwingine. Ujue pia kila karatasi inapochakatwa upya nyuzi zake zinafupika, nguvu inapungua. Ndio maana karatasi ya kahawia iliyotengenezwa moja kwa moja kutokana na miti ya misonobari, kama ile ya kiwanda cha Mgololo kule Mufindi, Iringa, ni ngumu kuchanika kuliko ile ya kijivu iliyorudiwa mara nyingi. Ukienda kununua, chana kipande kidogo kwa mkono. Ikichanika kama gazeti, waachie.

Vipimo navyo vinawaponza watu. Boksi linapimwa ndani, sio nje, na linatajwa urefu, upana, kimo. Pima bidhaa ikiwa imeshavishwa pakiti yake, alafu ongeza sentimita mbili au tatu kila upande kwa kitu kinachovunjika. Boksi kubwa mno linabonyea kwa sababu ndani ni tupu. Dogo mno linavimba, selotepu inaachia. Likishajazwa, litikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinatembea, bado hujamaliza kufunga. Magazeti yaliyokunjwa, mabaki ya maboksi yaliyokatwakatwa, vyote vinajazia bila gharama. Selotepu usipige mstari mmoja wa katikati tu, piga na zile kingo mbili, ikae kama herufi H.

Kabla hujanunua mia, nunua mawili uyajaribu. Kuna jaribio linalojulikana la vifurushi vidogo, linaangusha boksi mara 10: kona 1, kingo 3 zinazokutana kwenye kona hiyo, na nyuso zote 6. Kwa mzigo mwepesi wanaangusha kutoka sentimita 76 hivi, yaani usawa wa meza. Hii unaweza kufanya nyumbani bure. Huna haja ya kuhatarisha bidhaa, weka chupa ya soda iliyojaa maji yenye uzito unaofanana. Fungua uone. Kikitoka kizima, hilo ndilo boksi lako. Kikivunjika, umeokoa hela ya maboksi tisini na nane.

Na ile mishale ya "juu huku" na maandishi ya "kivunjikacho", andika, ila usiiamini. Mtu anayepakia mizigo hamsini usiku kwenye mvua hasomi mshale. Funga kana kwamba boksi litakaa kichwa chini safari nzima, maana mara nyingi litakaa hivyo. Jina la mpokeaji, simu na mji anaoshukia andika pande mbili kwa kalamu isiyofutika na maji.

Najua wapo watakaonijibu kwamba mteja wa siku hizi anapenda kurekodi video akifungua mzigo, na boksi la katoni halina mvuto. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini anachorekodi ni ndani, na kupendeza kwa ndani ni rahisi. Chonga muhuri wa jina la duka lako mara moja, utapiga kwenye maboksi elfu. Stika moja ndogo pale pa kufungulia. Karatasi laini ya rangi moja, kila siku hiyo hiyo, mpaka watu waijue kuwa ni yako. Na kikaratasi umeandika kwa mkono: "Asante dada, mzigo umefungwa Goziba." Kikaratasi hicho hakina bei, na kiwanda hakiwezi kukichapa.

Anayeuza pete ya ndoa, saa ya bei, au zawadi za sherehe, huyo boksi la kifahari ni sehemu ya bidhaa, aingize kwenye bei na amwambie mteja wazi. Hata yeye, lile la kifahari aliweke ndani ya katoni. Wawili hao wanasafiri pamoja vizuri tu, mmoja anapigwa na safari, mwingine anafika mbele ya mteja akiwa msafi.

Ninachokataa ni ule mtindo wa mtu mwenye mtaji wa laki mbili kuagiza maboksi 500 ya kuchapisha, saizi moja, kabla hajauza vipande ishirini. Mwezi wa pili bidhaa imebadilika, chupa mpya haiingii, maboksi yamejaa chumbani yanaliwa na panya. Hela imekaa kwenye karatasi wakati wateja wanauliza mzigo na hauna. Anza na saizi mbili za kahawia, muhuri na stika. Ukishajua nini kinatoka na kinaenda wapi, hapo sasa chapisha na jidai, utakuwa umestahili.

Sisi wa visiwani tuna usemi wa vitendo: mzigo ukishatoka mwaloni hauko mikononi mwako tena. Huwezi kumpigia simu nahodha aukalie taratibu. Huwezi kumwambia konda wa basi aupange juu. Kitu pekee ulichobaki nacho ni namna ulivyoufunga kabla haujaondoka. Hapo ndipo uaminifu wako unakaa, na mteja wa Dar ambaye hajawahi hata kusikia jina la Goziba anakupima kwa hapo.

Haya, nawaachia. Kila mmoja aandike hapo chini anauza nini, mzigo wake unapita wapi, na anatumia boksi gani. Wale wa Ukerewe, Mafia, Pemba na visiwa vingine, ninyi nawasubiri kwa hamu zaidi, maana shida zetu zinafanana. Kila la heri kwenye mauzo.